Tovuti ya umeme ya serikali: kubomoa, kukarabati, au kujenga pembeni?

Tovuti ya shule hufunguliwa matokeo yakitoka. Ya kodi hufunguliwa tarehe ya mwisho ikikaribia. Ya umeme hufunguliwa gizani. Mtu yuko Katuba, hapa Lubumbashi, saa mbili usiku, friji imenyamaza, samaki wa kuuza kesho wako ndani, simu imebaki na asilimia 12 ya chaji, na mtandao unasuasua kwa sababu hata mnara wa simu umehamia kwenye jenereta. Huyo ndiye mgeni wa kwanza wa tovuti hiyo. Mkubwa wa ofisi mwenye skrini pana na kiyoyozi kinachovuma anakuja nyuma yake, tena kwa mbali.

Ninaanzia hapo kwa sababu vijana watatu wa hapa Lubumbashi, wenye karakana ndogo ya tovuti upande wa Bel-Air, wanaandaa mpango wa kuisuka upya tovuti ya umma ya nishati ya mkoa: taarifa za kukatika umeme, maombi ya mita, bei, sola, na mambo ya wawekezaji. Walikuja na daftari limejaa michoro mizuri ya rangi. Maswali yao yalikuwa manne: tuige mfano wa nani, tubomoe au tukarabati, tumsikilize nani, na tuandike kwa lugha gani. Niliwajibu kwa mdomo siku ile, na nikawajibu vibaya, kwa haraka. Haya hapa ni majibu yaliyotulia.

Milango ya idara na milango ya shida

Kabla ya rangi na picha kuna uamuzi mmoja unaobeba mengine yote: ukurasa wa mbele upangwe kwa idara za ofisi au kwa shida za watu?

Mpango wa idara mnaujua. Juu kuna "Cabinet", "Directions", "Textes légaux", "Actualités". Kila mkubwa anaona mlango wake, kwa hiyo mchoro unapitishwa mapema bila ugomvi. Mwanasheria anaupenda, mwandishi wa habari anaufahamu, mwekezaji anayetafuta jina la mkurugenzi analipata. Si mpango wa kudharau. Ila unamtaka mgeni ajue nani anafanya nini kabla hajauliza lake, na kwa nishati ya Kongo hilo ni somo la mwaka mzima. Umeme una wizara yake, mafuta na gesi yana nyingine. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa kampuni nyingine mbali na SNEL, shirika la umeme la taifa, iliyoundwa mwaka 1970. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyozaa mamlaka ya udhibiti, ARE, na wakala wa kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji, ANSER. Mama wa Ruashi anayetaka kujua kama bei aliyotozwa ni halali hana sababu ya kuyasoma hayo kwanza.

Ubaya mkubwa zaidi wa mpango wa idara ni kwamba ofisi hubadilika. Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kufundishwa hilo. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa ikawa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, yakabaki Haut-Katanga. Nzilo na Nseke, kwenye mto Lualaba, yakaangukia mkoa wa Lualaba. Tovuti iliyokuwa imepangwa kwa ofisi za Katanga ingechakaa siku moja. Lakini swali la mtu aliyekosa umeme siku iliyofuata lilikuwa lilelile la siku iliyotangulia.

Mpango wa shida una milango ya namna nyingine: Waya umeanguka. Umeme umekatika. Nataka mita. Sielewi fakture (bili) yangu. Nataka kuweka sola. Nataka kuwekeza. Uzuri wake unaonekana mara moja, gharama yake hujificha. Kila mlango unahitaji mwenyewe, mtu mwenye jina na simu atakayehakikisha jibu lililo ndani ni la leo. Mtakapoandika "Umeme umekatika", mtauliza nani atajaza ratiba ya delestaji, yaani ya kukata umeme kwa zamu, kila asubuhi, na chumba kitanyamaza. Msikimbie ukimya huo, ndiyo kazi yenyewe. Kuchora kitufe ni kazi ya dakika kumi.

Nikilazimishwa kuchagua, ninaweka shida sebuleni na idara stoo: kiungo kimoja chini kabisa, "Sisi ni nani", na humo ndani kila mkubwa apate picha yake.

Nyumba tatu za kutembelea kabla ya kuchora yenu

Mlitaka mfano wa kuiga. Sina mmoja, nina mitatu, na kila mmoja unafaa kwa chumba kimoja tu.

Wa kwanza ni GOV.UK ya Uingereza. Ilifunguliwa rasmi Oktoba 2012, ikachukua nafasi ya Directgov na Business Link, kisha tovuti za wizara zikahamia humo moja baada ya nyingine. Kanuni yake ya kwanza ni kuanza na haja ya mtumiaji. Ukitaka kuona faida ya milango ya shida, fuateni historia ya wizara yao ya nishati. Mwaka 2008 iliundwa wizara ya nishati na tabianchi. Julai 2016 ikavunjwa, kazi zake zikaingizwa katika wizara ya biashara. Februari 2023 nayo ikagawanywa, na nishati ikapata wizara yake tena kwa jina jipya. Mwenye nyumba anayetafuta cheti cha matumizi ya nishati cha nyumba yake hana haja ya kujua lolote kati ya hayo, maana huduma imeitwa kwa jina la kazi anayoifanya. Udhaifu wa nyumba hii ni ubaridi. Maneno machache, picha karibu hakuna. Wakubwa wetu wataiangalia na kusema haijakamilika.

Wa pili ni energy.gov ya Wizara ya Nishati ya Marekani, wizara iliyoundwa mwaka 1977. Hii inafanana nasi kwa ugonjwa: wizara moja inabeba silaha za nyuklia, maabara za taifa 17, misaada ya utafiti, na papo hapo ushauri wa kuziba nyufa za madirisha. Wageni wa aina hizo hawawezi kukaa sebule moja wakaelewana. Wenzetu wa kule waliwatengea watu wa nyumbani sehemu yao, Energy Saver, yenye ushauri wa kupunguza matumizi na namna ya kukadiria umeme unaoliwa na kila chombo. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, na ningeiiba bila aibu: wati zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000, umepata kilowati-saa. Jiko la umeme la wati 1,500 likiwaka saa mbili kwa siku linakula kilowati-saa 3, ambazo kwa siku 30 ni 90. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila siku inakula 1.35 kwa mwezi mzima. Weka namba hizo mbili pembeni ya kila mmoja, kwa Kiswahili, na mtu atajua mwenyewe pesa yake inaishia wapi, na siku gani mbabula, jiko la mkaa, inamfaa kuliko jiko la umeme.

Wa tatu ni tovuti ya shirika la takwimu la nishati la hukohuko Marekani, EIA. Hiyo ni ya mwenye kiu ya namba: uzalishaji, bei, matumizi, kwa majedwali yanayopakuliwa, tena na kona ya watoto. Kwa mkoa wenye migodi kama wetu msiipuuze. Mhandisi wa mgodi na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanatafuta vitu vya namna hiyo: megawati za kila bwawa, njia za umeme, kama ile ya kilomita zipatazo 1,700 inayoleta umeme wa mabwawa ya Inga hadi Kolwezi. Lakini ni chumba cha nyuma. Timu nyingi huanza na majedwali kwa sababu tayari yapo kwenye kompyuta za ofisi, halafu wanashangaa kwa nini hakuna anayeingia.

Marekani wana pia sheria ya Desemba 2018 inayozitaka tovuti za serikali kuu zijengwe kwa kufuata haja za watumiaji, zifanye kazi kwenye simu, na zifikiwe na watu wenye ulemavu. Mkiulizwa ofisini "nani kasema tuwasikilize wauza samaki?", mna jibu: kwa wenzetu ni sheria.

Kubomoa, kukarabati, kujenga pembeni

Hapa ndipo pesa inapoliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kubomoa yote kuna utamu wake. Mkataba mmoja, sherehe moja, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Mnaanza na programu safi badala ya kuchokonoa kazi ya fundi aliyehama bila kuacha nywila. Ikiwa tovuti ya zamani imevamiwa na wadukuzi, au hakuna aliyebaki na ufunguo wa kuiingia, bomoeni, msijiulize mara mbili. Hatari yake ni kwamba mnabashiri kila kitu kwa mpigo, na kosa mnaligundua siku ya sherehe. Na viungo vya zamani vinakufa: tangazo lililokuwa limebandikwa ukutani kwenye komini na kutumwa WhatsApp mara elfu linapeleka watu kwenye ukurasa wa "haipatikani".

Niliwahi kuwa ndani ya kubomoa kwa namna hiyo, kwa ofisi moja ya umma hapa mjini ambayo nitaiacha bila jina, maana lawama nusu ni yangu. Tuliweka mbele picha tatu kubwa za maporomoko ya maji zinazopishana zenyewe. Zilikuwa nzuri kweli. Ukurasa ukawa na mega sita. Baada ya uzinduzi nilimpa simu mama mmoja kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, afungue. Akasubiri. Akaniangalia kwa huruma, kama ninayeumwa. "Yaya, iko inazunguka tu," akasema, akanirudishia simu, akaendelea kupanga nyanya zake. Ile mega sita tulikuwa tumeilipia, na yeye angeilipia kila mara anapofungua.

Kukarabati hakuna sherehe. Unachukua kurasa kumi zinazotafutwa zaidi, unaziandika upya moja moja, unaacha zingine zilivyo. Wiki ya pili tu mtu wa kawaida ameshapata faida. Pesa ikikatika katikati, jambo ambalo kwetu si nadharia, kilichokwisha kinabaki na kinafanya kazi. Ubaya wake: nyumba inakuwa na chumba kipya cha vigae ndani ya ukuta wa udongo, na mkubwa akipita anaona udongo. Halafu mfumo wa chini ukiwa umeoza, kila ukarabati unagharimu mara mbili.

Njia ya tatu, kujenga pembeni, ndiyo waliyopita Waingereza, na watu husahau sehemu hiyo ya hadithi. Mwaka 2011 timu ndogo ilijenga mfano wa majaribio kwa wiki 12 na kuuweka hadharani watu wauchambue. Mwanzoni mwa 2012 likafuata toleo la pili la majaribio. Tovuti za zamani zilikuwa bado zinahudumia watu wakati wote huo. Zilizimwa pale tu mpya ilipokuwa imeshapigwapigwa vya kutosha. Ni ghali kidogo kwa sababu unalisha nyumba mbili kwa muda, na inataka mkubwa mvumilivu anayekubali kuonyesha kitu kisichokwisha. Wa namna hiyo ni wachache. Ukimpata, mshike mkono.

Tumsikilize nani, na kwa njia gani

Sasa chakula chenyewe. "Kumweka mtumiaji mbele" ni maneno ambayo kila mtu huyaandika kwenye mpango, kisha bajeti ya kumsikiliza huyo mtumiaji inakuwa sifuri. Kuna njia nyingi, hazilingani, na nyingine hazigharimu chochote zaidi ya nauli ya basi.

| Njia | Inakuonyesha nini | Inataka nini | Inakudanganya wapi |
|---|---|---|---|
| Kukaa gishe (dirisha la kupokelea wateja) na daftari | Maswali halisi, kwa maneno halisi | Siku tatu na kiti | Huwaoni wasiofika ofisini |
| Maneno yaliyotafutwa kwenye tovuti | Walichokuja kutafuta wakakosa | Ufunguo wa takwimu za tovuti | Huwaoni waliokwisha kukata tamaa |
| Kupanga kadi | Watu wanaunganisha nini na nini | Watu kama 15 na mkasi | Kadi si simu, hakuna haraka wala giza |
| Jaribio la simu mkononi | Wanakwama wapi | Watu 5 kwa kila kundi | Wanaogopa kukukosoa |
| Dodoso | Karibu chochote unachotaka kusikia | Karatasi | Kila mahali |

Mmeona nimeliweka dodoso mwisho. Mkiuliza "Je, ungependa tovuti ya kisasa?", nani atasema hapana? Ofisi hulipenda kwa sababu linazaa asilimia, na asilimia zinapendeza kwenye ripoti. Tumieni mkitaka kujua watu wangapi wana simu ya kisasa, basi.

Kukaa gishe ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na haimo kwenye vitabu vingi. Omba kiti nyuma ya mfanyakazi anayepokea watu. Usiulize kitu. Kila swali linaloulizwa liandike kama lilivyotamkwa, na piga mstari linaporudiwa. Siku ya tatu mistari itakuwa imekuchorea ukurasa wa mbele. Msisahau kumhoji mfanyakazi mwenyewe wa gishe. Anajua kila kitu na hajawahi kuulizwa.

Kupanga kadi ni hivi: unaandika kila huduma kwenye kadi yake, unamwomba mtu azikusanye mafungu kwa akili yake, kisha kila fungu alipatie jina. Jakob Nielsen, Mdenmaki aliyebobea katika kupima urahisi wa kutumia tovuti, alipendekeza mwaka 2004 watu 15 kwa zoezi hili. Mafungu huanza kufanana mapema, lakini majina ya mafungu ndiyo dhahabu. Sisi tulikuwa na kadi imeandikwa "Abonnement", maana ofisini kujiandikisha kuwa mteja wa umeme huitwa hivyo. Watu waliiweka pamoja na televisheni na vifurushi vya mega. Hawakukosea. Mtaani abonema ni ya televisheni. Tulipoandika "Kuomba mita mpya", kadi ikaenda mahali pake.

Jaribio la simu ni kumpa mtu kazi moja na kunyamaza. "Mama, umeme umekatika kwenu tangu asubuhi. Tafuta utarudi lini." Nielsen huyohuyo aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo, kwa hesabu kwamba kila mmoja hugundua kama asilimia 31. Watu hulinukuu vibaya. Maana yake ni watano, mrekebishe, halafu watano wengine, mrekebishe tena. Na ni watano kwa kila kundi la watu wanaofanana. Muuza samaki wa Kenya, fundi wa kuchomea vyuma wa Kampemba, na mwanasheria wa mgodi si kundi moja, hata wote wakiwa watu wa Lubumbashi.

Fanyeni jaribio hilo kwa simu ya mtu mwenyewe, yenye kioo kilichopasuka na mega zake (mrudishieni mega zake, jamani), si kwa simu yenu mpya iliyounganishwa na waifai ya ofisi. Tena fanyeni moja angalau jioni, umeme ukiwa umekatika kweli. Na kwa heshima zetu, mtu hatakuambia usoni kazi yako ni mbaya, hasa akisikia ni ya serikali. Mwambieni imetengenezwa na watu wengine, ninyi mmetumwa kutafuta makosa. Ulimi utafunguka.

Lugha

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na inazitaja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba. Kwa hiyo hakuna atakayewazuia kuandika Kiswahili. Mzozo utakuwa wapi kianzie.

Kifaransa kwanza kina hoja: sheria, mikataba na fakture zenyewe ni za Kifaransa, na mtu akipiga simu kulalamika atahitaji neno lililoandikwa kwenye karatasi yake. Kiswahili kwanza kina hoja nzito zaidi kwa ile milango ya haraka. Waya ukiwa chini na watoto wako njiani kwenda shule, onyo linatakiwa liingie kichwani bila kupita mkalimani. Ningegawanya hivi: usalama, kukatika umeme, mita na malipo, Kiswahili kianze na Kifaransa kiwe kitufe kimoja mbali. Sheria na uwekezaji, kinyume chake. Neno la Kifaransa lililoko kwenye karatasi libaki kwenye mabano, ili mtu alitambue.

Kiswahili kipi sasa? Mtaani husikii "umeme utarudi lini". Unasikia "courant itarudia saa ngapi". Nimejaribu kuliandika neno hilo kwa herufi zetu. Linageuka ama kura ama kurani, na yote mawili yana wenyewe tayari, mmoja yuko bungeni na mwingine msikitini. Kiswahili bora kwenye maandishi kinakubalika hapa, watu wanakisikia kanisani na redioni, kwa hiyo "umeme" lieleweke hivyo na litumike. Lakini kwenye kisanduku cha kutafuta, mashine iyajue maneno yote ya mtaani. Mtu akiandika "courant", "kura" au "moto", alete ukurasa uleule. Kazi hiyo ni ya nusu siku, na timu chache huifanya.

Jambo dogo la SMS, kwa kuwa wengi hawatafika kwenye tovuti kabisa. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, mradi herufi zote ziwe kwenye alfabeti ya msingi ya SMS. Herufi kama ê au ô hazimo. Ikiingia moja tu, nafasi hushuka hadi 70, na ujumbe mmoja unalipiwa kama miwili au mitatu. Kiswahili hakina alama hizo. Mhasibu atakayepinga Kiswahili, mwonyesheni hesabu hiyo kwanza.

Uzito, PDF na mengine ya haraka

Tangazo lililopigwa picha kwa skana na kupachikwa kama PDF halisomeki kwenye simu ndogo, halitafutiki, na programu inayowasomea wasioona hailioni. Maandishi ya kawaida kwenye ukurasa yana kilobaiti chache tu na yanafanya yote matatu. Wekeni PDF yenye muhuri chini kwa wanaohitaji muhuri.

Rangi ya maandishi na ya nyuma zitofautiane vya kutosha: viwango vya kimataifa vya ufikivu, WCAG, vinataka uwiano wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu juu ya kijani kibichi, mliyonionyesha, haifiki. Juani pale Kamalondo saa saba mchana haionekani kabisa.

Na seva isikae kwenye jengo linalotegemea umeme uleule unaotangazwa kukatika. Mtacheka, lakini ulizeni.

Ningechagua nini, kwa hali gani

Kama ofisi iko tayari kuwapa mwaka na mkubwa mmoja anayewatetea, jengeni pembeni. Wiki mbili za gishe na kadi, wiki 12 za mfano wenye milango mitatu tu (waya, kukatika, mita), muweke hadharani, mkae sokoni na simu za watu.

Kama mmepewa miezi mitatu na pesa ya awamu moja, karabatini. Kurasa kumi, kwa kufuata mistari ya daftari la gishe, na ukurasa wa dharura uwe wa kwanza kukamilika hata kabla ya kujadili nembo.

Kama mmeambiwa uzinduzi una tarehe tayari na mgeni rasmi ameshaalikwa, basi mtabomoa, mpende msipende. Katika hali hiyo ombeni vitu viwili kwa maandishi: viungo vya zamani vielekezwe kwenye vipya, na mtu mmoja ateuliwe kujaza ratiba ya delestaji kila siku kabla ya saa moja asubuhi. Wakikubali cha kwanza na kukataa cha pili, ondoeni mlango wa "Umeme umekatika" kwenye mchoro, wekeni namba ya simu peke yake, kubwa, inayopigwa kwa kuigusa. Ratiba ya wiki iliyopita inamfanya mama wa Katuba aache samaki ndani akisubiri umeme usiokuja.

Kadi zile ninazo bado, 42, zimekatwa kwenye maboksi ya sabuni. Njooni mzichukue Jumamosi. Ile ya "Abonnement" nimeiandika upya nyuma.